Ndoo ya Kwanza

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Daftari hili amenipa binti yangu. Amenipa mawili, moja la kazi la kuandikia namba, na hili la kwangu. Amesema, "Mama, kila ukitaka kunipigia simu kuniuliza kama nimekula, andika humu kwanza. Ukimaliza kuandika na bado unataka kupiga, piga." Nikamwuliza niandike nini mimi niliyeishia darasa la nne. Akasema niandike kama ninavyosema, maana kwenye kusema sijawahi kukwama.

Basi naandika. Umekula?

Mvua zimeanza wiki iliyopita na kipindupindu kimekuja nazo, huko mtaa wa bondeni. Watu kumi na mmoja wamelazwa. Binti yangu ni mhandisi wa maji, na tangu juzi hana muda wa kulaza kichwa. Yeye na wenzake wameongeza dawa kwenye tangi kuu, sasa wanataka kujua kama dawa inafika mpaka mwisho wa mabomba. Bomba la mwisho kabisa ni la mtaa wetu, na ufunguo wake ninao mimi mwaka wa tisa huu. Nalifungua maji yakija, nalifunga yakikatika, na foleni ni mimi ninayeitunza.

Kazi aliyonipa ni hii. Nakinga maji kwenye kichupa, natia kidonge kidogo cheupe, natikisa, nangoja yageuke rangi. Kuna kadi ya miraba mitano. Wa kwanza mweupe, wa tatu wa waridi kama ufizi wa mtoto, wa tano mwekundu kabisa. Yakifika mraba wa tatu, dawa ipo na inatosha. Yakibaki wa kwanza, dawa hakuna, na anayeyanywa anacheza na roho yake. Naandika namba, jioni namsomea kwa simu.

Nikamwuliza kwa nini mimi, wakati wenye vyeti wamejaa. Akasema, "Kwa sababu wewe hukosi kuamka."

Jumanne, tarehe 5

Tatu. Mvua tangu alfajiri. Sijapiga simu kumwuliza kama amekula.

Jumatano, tarehe 6

Tatu. Foleni ilikuwa ndefu na midomo mirefu zaidi. Mgeni mmoja aliyehamia juzi amelalamika kwamba napendelea. Nikamwambia hapa foleni ina utaratibu wake, na aliyeuweka ni mimi. Wa kwanza ni asiyeweza kusimama. Wa pili ni mwenye kuwahi kazi. Halafu wenye wagonjwa na watoto wachanga. Sisi wenye miguu na muda tunafuata.

Asiyeweza kusimama ni Fundi Cherehani, mwanamke mwenzangu. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mdogo, na ule wa kulia ndio unaosukuma cherehani na maisha yote. Dirisha lake linatazamana na bomba. Namjazia ndoo yake kabla ya mtu yeyote na kumpelekea mpaka mlangoni. Leo aliponiona ninavyohema akasema, "Mama Mhandisi, ukiendelea kunibebea hivi watu watasema nimekuroga."

"Wataniuliza mimi dawa umeweka wapi."

"Waambie kwenye pindo la gauni. Ndiyo maana halikutoshi."

Wa pili ni Kinyozi, na ndoo mbili za dukani kwake. Wa tatu ni bibi wa nyumba ya kona, anayelea mjukuu.

Ijumaa, tarehe 8

Leo nimetia aibu.

Maji yalikatika jana mchana, yakarudi leo saa kumi na mbili asubuhi. Nilikinga yale ya kwanza tu kutoka, nikatia kidonge. Meupe. Nikaiweka kadi kwenye mwanga, nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu. Meupe. Nikapiga simu.

Alikuja kwa pikipiki na Spana, fundi wao wa mabomba, mtu mzima anayeitwa hivyo kwa sababu spana haimtoki mfukoni hata akienda msibani. Wote wameloa chapachapa. Kufikia hapo nilikuwa nimejaza nusu ya foleni. Binti yangu akakinga mwenyewe, akatikisa mwenyewe. Tatu. Akarudia. Tatu.

Spana akasema, "Mama Mhandisi, tukutafutie miwani?" Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini.

Binti yangu hakucheka. Alisema, "Hapana neno, mama. Ukiona kitu, piga." Lakini nilimwona anavyoitazama saa. Aliacha pampu ya bondeni imefunguliwa nusu ili aje kuangalia kichupa changu. Simu yake iliita mara tatu akiwa hapa, na kila ikiita alikuwa anafunga macho kidogo. Buti zake zilikuwa zimejaa maji. Nikamwuliza kama amekula, akasema ndiyo. Mtoto wangu hajui kudanganya, midomo yake ilikuwa mikavu.

Jumamosi, tarehe 9

Nimewaza sana, na nimeona kosa langu lilikuwa haraka. Maji yakianza kutoka baada ya kukatika yanakohoa, yanatema hewa, yana pupa. Mtu aliyetoka mbio humpimi mapigo ya moyo hapo hapo mlangoni, unamwacha akae kwanza. Kwa hiyo leo nimeyaacha yatulie. Nimejaza ndoo ya Fundi Cherehani, nikajaza za Kinyozi, nikajaza ya bibi wa kona, ndipo nikakinga kichupa.

Tatu. Nzuri kabisa, kama ufizi.

Kidogo kidogo nitaijua kazi hii. Sikuona kama ni jambo la kumpigia simu.

Jumatatu, tarehe 11

Tatu. Mvua.

Jumanne, tarehe 12

Tatu. Nilipomsomea jioni akasema, "Mama, namba zako ndizo zinazonipa usingizi." Nikafurahi hata nikasahau kumwuliza kama amekula.

Alhamisi, tarehe 14

Kinyozi amelazwa. Duka limefungwa, kiti chake kinaonekana kupitia kioo, na taulo limekaa begani mwa kiti kama linamngoja mtu. Ndiye wa kwanza mtaani kwetu. Nimepima mara mbili leo, zote tatu, nikashukuru kwamba angalau si maji yetu.

Jumamosi, tarehe 16

Wa pili ni mjukuu wa bibi wa kona. Ana miaka miwili.

Nimempelekea binti yangu nguo kavu kule kwenye mahema ya wagonjwa, uwanja wa shule. Nilidhani nitamkuta na madaktari, nikamkuta amechuchumaa kwenye matope na kamba na kigingi. Anachimbisha mfereji. Sakafu ya hema ameiinamisha upande mmoja kidogo tu, huwezi kuona kwa macho, lakini ukimwaga maji yanajua pa kwenda, yanaingia mferejini mpaka shimo lenye chokaa. Mlangoni ameweka bomba la kunawia linalofunguliwa kwa mguu, ili mwenye mikono michafu asishike kitu. Nilikanyaga, maji yakatoka. Nikakanyaga tena.

Nikamwambia, "Kumbe mhandisi naye anatibu."

Akasema, "Hapana, mama. Mhandisi hashiki sindano. Anahakikisha aliyeshika sindano ana maji ya kunawa, na uchafu wa huyu haufiki kwa yule."

Mkuu wao alikuwepo. Ni mtu wa shingo fupi, na mwenye shingo fupi hageuki kusikiliza. Alimwambia mbele yangu, "Maji ya mtaa ule ni mazuri, namba zinaonyesha. Basi tatizo ni mikono yao. Peleka watu wakafundishe kunawa, mafundi wahamie kwingine." Binti yangu akaitikia. Lakini alikuwa anaitafuna kucha ya kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya shuleni akipewa jibu lisilomwingia.

Jumatatu, tarehe 18

Tatu. Wamekuja watu wawili na kipaza sauti kutufundisha kunawa mikono. Fundi Cherehani amewasikiliza kutoka dirishani mpaka mwisho, kisha akawauliza, "Na wenye kuoga kila siku mnatufundisha nini?"

Nimemwambia asiwe na ulimi hivyo, watu wako kazini. Akasema ulimi ndicho kiungo chake pekee kisichochechemea.

Jumanne, tarehe 19

Maji yamekatika tangu jana mchana. Sijapima.

Jumatano, tarehe 20

Yamerudi asubuhi, baada ya karibu siku mbili. Ya mwanzo yalikuwa na wingu kidogo, yakasafika haraka. Fundi Cherehani alikuwa amekaukiwa kabisa na ana sare za shule za kumalizia, nikamjazia ndoo mbili badala ya moja. Nikayaacha yatulie zaidi ya siku zote. Tatu.

Mjukuu wa bibi wa kona anaendelea vizuri.

Ijumaa, tarehe 22

Naandika nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nje ya hema la wanawake. Nikiacha kuandika nitapiga simu, na niliyetaka kumpigia yuko hatua ishirini kutoka hapa, ana kazi.

Saa nne asubuhi niligundua kwamba sisikii cherehani. Sauti hiyo nimeizoea kiasi kwamba nilichosikia ni ukimya wake. Nikaenda dirishani nikaita. Nikaingia. Alikuwa sakafuni, ameegemea mguu wa meza, na kitambaa cha sare bado kiko chini ya sindano. Alikuwa ametapika na kuharisha tangu alfajiri, na hakuita mtu kwa sababu aliona aibu ya nguo zake. Mtu anayeshona nguo za mtaa mzima anaona aibu ya nguo zake.

Macho yalikuwa yamezama. Nilipomshika ngozi ya mkono ikabaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa. Akaniambia polepole, "Usinitazame hivyo, Mama Mhandisi. Sijafa, nimelowa."

Tumemleta kwa mkokoteni. Mimi nilishika kichwa chake, na mke wa Kinyozi alishika mguu ule usio na nguvu ili usining'inie. Mlangoni mwa hema nikakanyaga lile bomba, nikanawa, muuguzi akanawa, kila mtu akanawa bila kushika kitu. Chini ya kitanda chake maji machafu yanatiririka upande ule ule, yanajua pa kwenda. Nilisimama pale nikiyatazama. Mtoto wangu alipima mteremko huu kwa kamba, na leo rafiki yangu amelala juu yake.

Wamemwekea chupa mbili za maji ya mshipa, moja kila mkono. Muuguzi hasemi atapona na hasemi hatapona. Nimemwambia Fundi kwamba sare nitazimalizia mimi. Amefumba macho akasema, "Basi watoto wa watu wataenda shule na mikono ya suruali."

Jumamosi, tarehe 23

Yuko hai. Hasemi sana.

Mchana binti yangu alikuja kukaa na mimi dakika kumi, akala ndizi mbili nikimwona kwa macho yangu. Kisha akatoa karatasi aliyochora mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, na penye mgonjwa ametia kidoto chekundu. Vidoto vitatu. Akasema, "Mama, wewe unawajua. Hawa wanafanana nini? Hawakai pamoja. Hawali pamoja. Kinyozi huku, bibi kule, Fundi hapa. Wote wananawa, wote wana vyoo vizuri. Na maji ni yale yale wanayokunywa wengine, na ni tatu kila siku. Nakosa nini?"

Nikaitazama ile karatasi. Yeye aliona nyumba. Mimi niliona foleni.

Wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Nikamrudishia karatasi haraka. Akaniuliza, "Mama, vipi?" Nikasema ni uchovu tu. Akanifunga kanga vizuri mabegani, akarudi kazini.

Jumapili, tarehe 24

Sijasema.

Naandika nisichoweza kumwambia. Yale maji ya mwanzo ninayoyaacha yapite ndipo nipime, yanapita kwenda wapi? Yanaingia kwenye ndoo ya Fundi Cherehani. Nimekuwa nikipima maji ya wenye miguu na kuwapa wasio na miguu yale nisiyoyapima. Na ile Ijumaa ya miwani, macho yangu yalikuwa mazima. Yalikuwa meupe kweli.

Nikisema, watauliza ni mhandisi gani alimpa mama yake kazi ya kupima, mama mwenyewe wa darasa la nne. Miaka yote ile ya ada na kuamka, nimwangushe mimi. Nisiposema, Mkuu anahamisha mafundi keshokutwa, na namba zangu ndizo zinazowahamisha. Mtoto wangu anaziamini kuliko anavyoamini kucha yake.

Maji yamekatika tangu saa tatu asubuhi. Yatarudi kesho alfajiri kama kawaida yao. Na nani atakuwa wa kwanza, Fundi akiwa hayupo? Kwa utaratibu wangu ni yule mama wa chumba cha uani aliyejifungua juzi. Ameshaniletea ndoo.

Jumatatu, tarehe 25

Yamerudi saa kumi na mbili. Bomba likakohoa, nikakinga kichupa cha kwanza kabla ya ndoo yoyote. Nikatia kidonge. Meupe.

Nikamwaga ndoo nzima chini. Mtaani kwetu maji hayamwagwi, hata ya kuoshea vyombo tunapigia deki. Nikakinga kichupa cha pili. Meupe. Nikamwaga ndoo ya pili. Hapo ndipo walipoanza.

"Mama Mhandisi amepagawa."

"Muacheni, rafiki yake mgonjwa."

"Sisi watoto wetu wanywe nini, kichaa chake?"

Yule mgeni alisogea kunipokonya ndoo. Nikamwambia, "Ukitaka kunipiga nipige, lakini maji haya hanywi mtu." Sijui sauti hiyo niliitoa wapi. Akarudi nyuma. Nikajaza na kumwaga, nikapima na kuvipanga vichupa kwenye ukingo wa kibanda cha bomba. Moja. Moja. Mbili. Na baada ya ndoo ya saba, tatu. Tatu nzuri, kama ufizi. Ndipo nikapiga simu, nikasema, "Njoo. Si macho."

Wakaja wote, yeye na Spana na Mkuu. Nikawaambia mbele ya foleni, kwa sababu foleni ndiyo niliyoikosea. Nilivyoyaacha yatulie. Nilivyomjazia nani kwanza. Sikuweka chumvi wala sikupunguza.

Binti yangu akauliza, "Tangu lini unapima hivi?"

"Tangu kesho yake, baada ya ile Ijumaa ya miwani."

Spana akatazama chini.

"Siku kumi na sita," akasema binti yangu. Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe.

Mkuu akauliza, "Namba hizi nani alizipokea?"

"Mimi," akasema binti yangu. "Nilimwonyesha jinsi ya kupima, sikumwambia apime lini. Kosa liandikwe langu."

Nilitaka kusema langu, akaniwekea mkono kifuani, si kwa kunibembeleza, kwa kunizuia.

Mkuu alivitazama vile vichupa vinne muda mrefu. Kisha akachuchumaa, suruali kwenye matope, akavikagua kimoja kimoja. Akageuza shingo yake yote kunitazama. "Mama, jana yalikatika saa ngapi?" Nikamwambia. "Na wiki iliyopita? Na kabla?" Nikamwambia asubiri, nikaingia ndani nikaleta daftari hili. Nikamsomea mwenyewe, tarehe kwa tarehe, yalikatika lini, yalirudi lini, nikiruka pale nilipomsema yeye.

Walinisikiliza kama ninasoma barua ya mtu aliye mbali. Spana ndiye aliyenieleza, kwa upole, labda kwa ajili ya ile miwani. "Bomba likiwa limejaa, mama, linasukuma nje. Likiwa tupu lina kiu, linavuta chochote kilicho kando yake. Mahali fulani huko juu liko wazi, na limelala kwenye uchafu. Maji yakirudi yanausukuma ule uchafu mbele yake, na uchafu unaimaliza dawa yote njiani. Wewe ndiye wa mwisho. Unapokea mate ya mtaa mzima."

Wakaondoka wakilifuata bomba kwa miguu, kuelekea kwenye mtaro. Binti yangu alikuwa mbele. Hakugeuka.

Jumatano, tarehe 27

Wameliona. Chini ya kalvati ya barabara, pale mtaro wa vyoo unapopita, kuna maungio yaliyofungwa na mtu kwa mpira wa tairi zamani sana. Bomba limelala ndani ya mtaro wenyewe. Spana alishuka mpaka kifuani. Alipopanda watu walimpisha njia kama bwana harusi, kwa sababu nyingine.

Kipimo nimenyang'anywa. Amepewa mwalimu mstaafu wa nyumba ya ghorofa. Alikuja kukichukua kwa heshima, na mimi nilikifuta kwanza. Ni haki.

Binti yangu hajapiga simu. Siulizi kama amekula.

Alhamisi, tarehe 28

Fundi Cherehani amekunywa uji kikombe kizima. Amemwambia muuguzi gauni lake limekatwa vibaya kwapani.

Jumamosi, tarehe 30

Amekuja. Alivua buti mlangoni, akakaa sakafuni ameegemea miguu yangu, kama alivyokuwa akikaa nikimsuka. Sikuthubutu kugusa kichwa chake.

Akasema, "Nilikasirika, mama."

"Najua."

"Si kwa kupima vibaya. Kwa kutoniambia Jumamosi. Nilikuonyesha karatasi, nikaona uso wako umebadilika. Siku mbili."

"Niliogopa watakufukuza."

"Wangenifukuza ningerudi hapa. Nina wapi pengine?" Akaanza kutafuna kucha, akaacha. "Ulipopiga ile Ijumaa nilikuja kuangalia rangi, sikukuuliza hata swali moja. Ningekuuliza tu, mama, ulikinga saa ngapi, yalikuwa yamekatika? Maneno sita. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuokoa watu."

Nikamwambia hata mimi nilikuwa na haraka ya kumfurahisha. Akasema basi tumefanana, na hilo alilijua tangu zamani kwa miguu yetu mipana.

Ndipo nikagusa kichwa chake. Nywele zimejaa vumbi la saruji. Alilala hapo hapo, mchana kweupe, na mguu wangu ukafa ganzi na sikuusogeza.

Jumatano, tarehe 3 mwezi wa nne

Bomba jipya limepitishwa juu ya mtaro, limeshikwa na vyuma, kila mtu analiona. Na karibu na kibanda changu wamejenga mnara mfupi wenye tangi. Maji yakirudi, nusu saa ya kwanza yanamwagika nje kwa bomba la pembeni, kisha yanaingia tangini, yanatiwa dawa tena, ndipo nafungua. Hata yakikatika, tangi linasukuma. Watu wananung'unika wakiona yanavyomwagwa. Mgeni wetu ndiye anayewanyamazisha siku hizi, amegeuka msemaji wangu bila kuombwa.

Tangu wiki iliyopita hajalazwa mtu mpya mtaani.

Jumamosi, tarehe 6

Fundi Cherehani ametoka. Nilimfagilia chumba, nikamtandikia, nikamngoja anywe chai. Kisha nikamwambia. Nilijua watu wa foleni watamwambia, nikataka alisikie kwangu. Ndoo zote zile nilizombebea mpaka mlangoni.

Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mikono imekonda, pete inazunguka. Nilipomaliza hakusema neno la mzaha hata moja. Akasema, "Nirudishie mlango ukitoka."

Jumapili, tarehe 7

Dirisha limefungwa.

Jumanne, tarehe 9

Dada yake amekuja kukaa naye. Anachota maji bomba la mtaa wa juu, kule mbali, anapita mbele ya kibanda changu na ndoo kichwani. Ananisalimia vizuri. Namwitikia.

Binti yangu amepiga simu yeye mwenyewe, akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, tarehe 12

Mvua imekatika, jua limetoka tangu asubuhi. Nilikuwa nimeinama najaza ndoo ya Kinyozi, naye sasa amepona, niliposikia foleni imepunguza sauti. Nikainua macho. Fundi Cherehani alikuwa anatoka mlangoni kwake na fimbo mkono mmoja, na mwingine umeshika bega la dada yake. Dada kabeba ndoo na kigoda.

Nikasema, "Fundi, njoo mbele."

"Mbele nimeshakuwako," akasema, "nimeona kulivyo." Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Akaenda mpaka mwisho kabisa wa foleni, akawekewa kigoda, akakaa. Kila foleni ikisogea ananyanyuka, kigoda kinasogezwa, anakaa tena. Watu walitaka kumpisha, akakataa. Nilijaza ndoo ishirini na moja kabla yake na sikumbuki hata moja ilikuwa ya nani.

Zamu yake ikafika. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na kichupa, akamwonyesha bila kuulizwa. Tatu. Fundi hakukitazama. Alikuwa ananitazama mimi. Akatoa kikombe kwenye mfuko wa gauni, akaninyooshea, nikakinga. Akanywa yote, taratibu, mbele yangu.

Akapangusa mdomo. "Yana harufu ya dawa," akasema.

"Yanuke tu," nikamjibu.

Akafikiri kidogo, kisha akaninyooshea kikombe tena.